Nyumba Isiyoshushwa ni ya Shomoro: Majibu kwa Walezi wa Mbayuwayu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji walioko Marekani waliojitolea kumlea mbayuwayu wa zambarau, ambaye mashariki ya Milima ya Rocky anategemea karibu kabisa vyumba alivyowekewa na watu. Nimeyafupisha.

Nikishika makinda, mama yao atanusa mkono wa mtu na kuwasusa? (Houston)

Hatawasusa. Swali hili linarudi kila msimu, na mara nyingi anayelileta ana nyumba iliyopigiliwa misumari juu ya mti na anatafuta ruhusa ya kutoigusa. Simpi. Nyumba ikae juu ya nguzo na ishuke kwa kapi na kamba, na kila chumba kiwe na mlango unaofunguka.

Kagua kila baada ya siku 5 hadi 7, asubuhi jua likishapanda, siku isiyo na mvua wala baridi. Vipe vyumba namba na uandike: tarehe, mayai mangapi, makinda mangapi, umri wao. Jike hutaga yai 1 kwa siku, aghalabu 4 hadi 6 kwa jumla, huatamia siku 15 au 16, na makinda huruka wakikaribia siku 28. Daftari likiwa sawasawa, utaijua siku ya 22 ya kila chumba. Ikishapita hiyo usikifungue tena. Makinda wataruka kwa hofu kabla mbawa hazijakomaa, waishie kwenye nyasi mbele ya paka.

Ukiipandisha nyumba, irudishe ikitazama upande uleule. Ukiigeuza, utawaona wazazi wakizunguka na kerengende mdomoni, wakitafuta mlango wao.

Kiota kimejaa utitiri. Ninyunyize ile dawa ya kuku? (Dallas)

Usithubutu. Kinda asiye na manyoya atalala ndani ya hiyo dawa na kuivuta usiku kucha. Badilisha kiota. Tandika maranda makavu kwenye ndoo, wahamishie makinda humo, komba uchafu wote hadi sakafu ionekane, mwaga maranda mapya kina cha sentimita 3, kandamiza kwa ngumi upande wa nyuma upate kishimo, kisha warudishe chumba kilekile walichotoka. Ni kazi ya dakika chache. Ifanye wakiwa na siku kama 10, urudie karibu na siku ya 20. Ukikuta makinda wamesongamana mlangoni mapema mno, na vidoti vyekundu vinakupanda mkononi, umechelewa, fanya leo.

Shomoro naye ni kiumbe wa Mungu. Kwa nini mnamfukuza? (Louisville)

Kwa sababu hutoboa mayai, huua makinda kwa kuwadonoa, kisha hujenga kiota chake juu ya maiti zao. Shomoro huyu na kwenzi wa Ulaya waliletwa na watu. Kwenzi walifunguliwa Central Park, New York, mwaka 1890. Aliyeona kunguru wa Kihindi anavyovamia viota vya ndege wengine Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu.

Hao wawili hawalindwi na sheria ya Marekani ya ndege wahamao ya 1918. Wenyeji wanalindwa, hata mbayuwayu wa aina nyingine aliyejiingilia chumbani kwako, kwa hiyo jifunze kuwatofautisha kabla mkono haujaingia. Halafu kuna kosa la wenye haraka: kubomoa kiota cha shomoro na kumwacha dume huru. Dume huyo huhamishia hasira zake vyumba vya jirani. Mtege kwanza, kiota baadaye.

Kwenzi dawa yake ni tundu la mlango lenye umbo la nusu mwezi, urefu wa kwenda juu milimita 30, ukingo wa chini karibu ulingane na kibaraza. Pima mwenyewe hata kama umelinunua dukani, maana milimita 2 zikizidi, kwenzi wembamba wanapita.

Nimeweka nyumba Machi, huu mwisho wa Aprili, hakuna hata mmoja. Niishushe? (Columbus)

Iache hadi Juni. Wanaotangulia kufika ni wakubwa, nao hurudi walikozalia mwaka jana. Mahali papya huanzwa na ndege wa mwaka mmoja, ambao hufika wiki kadhaa nyuma yao.

Ila angalia miti. Nguzo yako iwe na mita 12 hadi 18 za uwazi pande zote, nyumba iwe juu mita 4 au 5, na isiwe mbali na makazi ya watu. Chumba cha sentimita 15 kwa 15, vile vya mabati vya zamani, kivunje ukuta wa katikati ili viwili viwe kimoja cha kina cha sentimita 30; bundi akiingiza kucha hafiki nyuma. Na hiyo nguzo ivalishwe bomba la bati la kuwazuia nyoka na rakuni, mnyama mwizi wa viota. Hujaniuliza, lakini sijasikia umelitaja.

Watanimalizia mbu? (wengi)

Hapana. Wanawinda mchana, juu sana. Mbu wako yuko chini, jioni. Ile hesabu ya mbu 2,000 kwa siku ilienezwa na wauza nyumba za ndege.

Vibuyu halisi vinafaa? (Atlanta)

Sana. Wachoctaw na Wachickasaw, wenyeji wa asili wa Marekani, walivitundika kabla ya Mzungu kufika. Chagua chenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 30, toboa tundu pale tumbo lilipojitokeza zaidi ili litazame mbele, si juu wala chini. Chini toboa vitundu vya kutolea maji, ubavuni weka mfuniko unaopitisha mkono wako, kisha paka rangi nyeupe, kwani kibuyu cheusi juani ni chungu cha kuokea makinda. Vaa barakoa unapokwangua ndani. Kisicho na mfuniko usinitumie picha yake.