Mhindi yupi? Nilivyoumbuka na kitabu cha wageni Sharjah

Mimi nimekulia Tanga mjini, kwa hiyo nilivyopata kazi ya ulinzi Sharjah, huku Falme za Kiarabu, nikajiona mtaalamu wa Wahindi kabisa. Nyumbani tulikuwa tunawatenganisha toka mbali, huyu Bohora, yule Singasinga, yule Baniani, yule Goa, Bulushi yule pale dukani, hata mtoto wa miaka kumi hakosei. Sasa jengo nililopangiwa karibu kila mpangaji katoka upande ule wa dunia, na mezani kwangu kuna kitabu cha wageni chenye sehemu ya kujaza uraia, na mi kwa uvivu na kujiamini nikawa naijaza kwa macho tu, mtu hata hajafika mezani nishaandika.

Wiki ya pili supavaiza kaniita. Kumbe yule bwana mrefu mweupe mwenye masharubu niliyemwandika Mpakistani ni Mhindi wa Amritsar, na yule wa nyuma yake niliyemwandika Mhindi ni mtu wa Lahore, na wote wawili walichungulia kitabu na hawakucheka hata kidogo.

Nikaja kuelewa baadaye kwamba wote wawili ni Wapunjabi. Mpaka wa mwaka 1947 ulipita katikati ya Punjab, Lahore ikaangukia Pakistan, Amritsar ikabaki India, na toka mji mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 50 tu, yaani Tanga na Pangani hivi, sasa sura utazitenganishaje hapo? Bengali nayo ilikatwa mwaka huohuo, Kolkata huku India, Dhaka ndo leo Bangladesh, lugha ileile, wali na samaki vilevile. Na ile ya kusema wa kusini weusi wa kaskazini weupe nayo isahau, ghorofa ya sita kuna ndugu wawili wa Kerala, kusini kabisa mwa India, baba mmoja mama mmoja, mmoja rangi kama yangu na mwingine ungemdhania Mwarabu.

Ila kilichoniuma zaidi ni kwamba Tanga sikuwa nakosea. Nikakaa nikawaza kwa nini, nikagundua hata Tanga hatukuwa tunasoma sura bana! Tulikuwa tunasoma nguo na milango wanayoingilia. Mama wa Kibohora unamjua kwa rida, lile vazi lake la stara la rangi lenye lesi, mumewe kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Singasinga kilemba na bangili ya chuma mkononi. Goa unamkuta kanisani Jumapili na jina la Kireno, Fernandes au D'Souza, maana Goa ilikuwa ya Wareno hadi 1961. Wavue vyote hivyo uwavalishe jezi za Simba uwapange mstari, hapo ndo utajua kama we ni mtaalamu kweli.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnaokuja huku, funga macho fungua masikio. Sikiliza wanavyoitana. Wamalayali wa Kerala, ambao ndo wengi kwenye vikafeteria vya mitaani, kaka mkubwa wanamwita chetta. Watamil wanasema anna. Wabengali wa Kolkata sasa ndo vituko, kaka mkubwa kwao ni dada! Siku ya kwanza nasikia lijamaa lenye ndevu linaitwa dada kwenye lifti nilibaki nimeduwaa. Na Wagujarati ukisikia wanasema mama ujue ni mjomba huyo, na kaka ni baba mdogo, kwa hiyo mkipiga stori za familia shika adabu usije ukachanganya ukoo wa watu.

Maandishi nayo yanasaidia ukiona mtu anachati. Kigujarati kinafanana na Kihindi ila hakina ule mstari wa juu, Kimalayalam na Kisinhala ni mviringo mviringo kama jilebi, Kiurdu ni herufi za Kiarabu zilizolala kwa mteremko. Majina lakini kuwa nayo makini sana. Singh si lazima awe Singasinga, wapo kina Singh kibao ambao ni Mabaniani. Shah anaweza kuwa Muislamu wa Pakistan, anaweza kuwa Mjaini wa Gujarati, dini nyingine kabisa ya kulekule India. Mi kuna Shah mmoja mzee mstaarabu sana alikuwa ananisalimia kila asubuhi, nikasema ngoja nimkaribishe viazi karai vyangu, havina nyama, nimempatia. Akaviangalia weee, akatabasamu, akanishukuru, hakugusa. Wajaini washika dini hawali viazi, hawali kitunguu, hawali saumu, kitu chochote unachong'oa na mzizi wake ardhini hawakitaki. Nilikula mwenyewe sahani yote kwa aibu.

Jingine, usijifanye unajua Kihindi ukamrushia kila mtu. Wa Pakistan mtaelewana maana Kiurdu cha kuongea na Kihindi ni kitu kimoja karibu, lakini Watamil wengi hawakijui na wengine hawakipendi, kwao Tamil Nadu mwaka 1965 watu waliandamana hadi wakafa kukikataa kisifanywe lugha ya serikali. Bora Kiingereza chako kibovu.

Kuna kijana pia macho membamba nywele zimenyooka nilimwandika Mfilipino, akasema kwa upole bro mi Mhindi, kwetu Mizoram, mpakani na Burma, hata nikiwa Delhi naulizwa nimetoka China. Aliongea kama mtu aliyechoka. Nikakumbuka na mi huku kila siku naitwa Mnigeria.

Lakini iliyonimaliza ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Kaingia jamaa mweusi tii, nywele zetu, pua yetu, tembea yake kabisa ya mtu wa Chumbageni kwetu Tanga, moyo ukaruka kwa furaha, nikamwambia shikamoo kaka, karibu nyumbani, umetokea wapi? Akanitazama tu. Akanijibu kwa Kiurdu. Mpakistani, mtu wa Karachi, mtaa wa Lyari, Sheedi. Hao ni wajukuu wa watu waliopelekwa kule toka pwani yetu miaka na miaka, wengine utumwani wengine mabaharia, na upande wa India wapo pia, wanaitwa Masidi, wako Gujarati na Karnataka, na wale wa Gujarati ngoma yao wanaiita goma.

Tulikaa mpaka futari, mi na Kiurdu changu cha kuokoteza yeye na Kiingereza chake. Akaniambia wazee wao wana nyimbo zenye maneno ambayo wanaimba tu hawajui maana yake. Nikamwomba aniimbie kidogo, akacheka, akasema hajui kuimba.

Alipoondoka ndo nikatazama kitabu. Nilikuwa nishamwandika Tanzania. Nikakata kwa kalamu, nikaandika Pakistan juu yake kwa herufi ndogo, na toka siku hiyo kitabu namgeuzia mgeni mwenyewe ajaze.