Nina miaka 39 na D nne, chuo cha ustawi wa jamii kimenikataa

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Morogoro. Tangu nimalize shule nimefanya kazi za hoteli, nilianza na kutandika vitanda sasa hivi ni supavaiza, ila moyo haupo huko tena. Mtaani waliniweka kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto na tangu hapo kesi za watoto zote zinaishia mlangoni kwangu, mpaka afisa ustawi akitaka kujua nyumba fulani kuna nini ananipigia mimi. Nikamuuliza nifanyeje niwe kama yeye, akasema kasome. Nimeenda chuo wakaniambia sina sifa. Cheti changu cha form four cha 2003 kina D nne, Kiswahili, Civics, Jiografia na Bible Knowledge, zilizobaki F. Si ndo D nne wanazotaka? Mume wangu ananitania nikasome darasa moja na mwanangu. Na kuna kijana kaniambia nimpe laki nne ataniingiza chuoni bila maswali. Nishauri.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawajakuonea hao wa chuo, ila walitakiwa wakueleze vizuri badala ya kukurudishia cheti chako tu. Kuingia astashahada ya awali, ile wanaita NTA level 4, NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, wanataka ufaulu wa masomo manne kwenda juu yasiyokuwa ya dini, na D ni ufaulu. Bible Knowledge haihesabiwi, na Elimu ya Dini ya Kiislamu vilevile haihesabiwi, wengi sana wanakwama hapohapo. Kwa hiyo we una D tatu. Kilichopungua ni somo moja tu, usije ukakubali mtu akurudishe form one.

Hiyo moja unaitafuta kwa kureseti, yaani kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, PC. Usiende QT, ule mtihani wa maarifa, maana QT ni ya ambaye hana kabisa form four na we unayo. Usajili wa NECTA, baraza la mitihani, huwa unafunguliwa mwanzo wa mwaka, unaenda kwenye kituo cha PC kilicho karibu na wewe, mtihani Novemba, matokeo yanatoka Januari. Na hulazimiki kurudia masomo yote. Mi ningekushauri uchukue mawili, moja likikuangusha lingine likubebe. Historia ni ya kusoma na kuandika, utaiweza ukirudi shifti jioni. La pili chukua Kiingereza, najua utakunja uso, lakini chuoni unafundishwa kwa Kiingereza na mitihani ni kwa Kiingereza, sasa ni bora uanze kuhangaika nacho mapema kuliko uje ukihangaikie huko wakati umeshalipa ada. Hisabati achana nayo, Biolojia nayo ina praktiko, maabara utaipatia wapi.

Kitu kimoja cha kuangalia kabla hujajisajili, na hiki wanawake wengi tunakipuuzia: jina. Kama cheti cha 2003 kina jina la baba yako na kitambulisho chako cha NIDA kina jina la mume, au herufi moja imeruka, nenda kwa mwanasheria mapema upate hati ya kiapo au deed poll, ile hati ya kubadili jina, na mtihani ujisajili kwa majina yaleyale ya cheti cha kwanza. Ukija na vyeti viwili vyenye majina mawili utaulizwa wewe ni nani kila unapogusa, chuoni, mpaka kwenye ajira.

Huyo kijana wa laki nne mkimbie. Chuo kinahakiki vyeti, mwajiri naye anahakiki tena, na mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulikuta watumishi 9,932 wana vyeti feki wakaondolewa kazini, wengine walikuwa wamekaa miaka mingi tu wanasubiri kustaafu. Hiyo hela lipia tuisheni, na utabakiwa na chenji ya sare za watoto.

Sasa tuje kwenye umri, na hapa nisikufiche. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanataka mwombaji asiyezidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari serikalini. Piga hesabu mwenyewe, mtihani Novemba, chuo mwaka unaofuata mwezi wa kumi hivi, halafu mpaka diploma ni miaka mitatu, unatoka una 43 au 44. Dirisha la serikali ni jembamba sana kwako, ukichelewa mwaka mmoja au miwili linafungwa. Kama unafanya yote haya kwa sababu ya ajira ya halmashauri tu, kaa chini na mzee wako muongee vizuri kabla hujaacha mshahara. Ila makao ya watoto, hospitali za dini na mashirika hawana hiyo 45, huko wanaangalia umefanya nini, na mtu ambaye ameshakaa sebuleni kwa watu akasuluhisha kesi ya mtoto kuchomwa na pasi ana kitu ambacho binti wa miaka 22 hana.

Kwa hiyo anza kukusanya ushahidi leo. Muombe mtendaji wa mtaa barua inayosema uko kwenye kamati tangu lini na unafanya nini. Weka daftari, bila majina ya watu tafadhali: tarehe, tatizo lilikuwa nini, ulimpeleka wapi, dawati la jinsia, hospitali au ustawi, na liliishaje. Na muombe afisa wako ukakae ofisini kwake siku yako ya ofu. Utaona baba na mama wanagombania matunzo wakati mtoto amekaa katikati anachezea kamba ya kiatu, utaona bibi anaomba msamaha wa bili ya hospitali na hana karatasi hata moja, halafu baada ya hapo afisa anakaa mpaka jioni anaandika ripoti ya mtoto inayotakiwa mahakamani. Hiyo kazi ina karatasi nyingi kuliko machozi. Kama utatoka hapo bado unaitaka, kajisajili.

Chuo, ulizia Taasisi ya Ustawi wa Jamii, ile ya Kijitonyama Dar, ndo kongwe, ipo toka 1973. Chuo kingine chochote hakikisha kina usajili wa NACTVET na hiyo kozi yenyewe imesajiliwa, maana unaweza kukuta chuo kina usajili na kozi haina.

Mumeo mwambie darasa moja na mwanao ni faida, mtagawana vitabu.

SWALI FUPI: Anti, nina D nne safi, jamaa yangu anasema nikasome maendeleo ya jamii ni kitu kilekile na ustawi. Kweli?

JIBU: Si kweli. Maendeleo ya jamii ni vikundi, miradi, ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, utashinda na akina mama wa vikoba na vijana wa bodaboda. Ustawi ni mtu mmoja au familia moja yenye shida, mtoto, mzee, mgonjwa, aliyetoka jela. Kama unapenda mikutano nenda Tengeru, ile taasisi ya maendeleo ya jamii kule Arusha. Kama unaweza kumsikiliza mtu mmoja saa nzima analia na hujaangalia simu, nenda ustawi.