Kabla hujaitupa leza iliyopigwa nyutroni

Juzi dada mmoja ameniandikia: "Kaka, leza zangu za VCSEL zimerudi kutoka kwenye kinu cha nyuklia, umeme uleule wa zamani hauziwashi. Vioo vimeharibika?" (VCSEL ni leza ndogo ya semikondakta inayotoa mwanga kupitia uso wake wa juu, kati ya vioo viwili.) Nikacheka, halafu nikakumbuka nilivyochekwa mimi.

Nikiwa mwaka wa pili wa uzamivu nilipeleka leza za nanomita 1310 (ndio urefu wa wimbi la mwanga wake) kwenye TRIGA ya Ljubljana, Slovenia, kinu kidogo cha utafiti cha kilowati 250, zipigwe nyutroni, chembe za ndani ya kiini cha atomi, nione kama zitavumilia. (Kinshasa walikuwa na TRIGA tangu 1959, ya kwanza Afrika. Watu husahau.) Nyutroni huifanya dhahabu ya kwenye nyaya za leza itoe mionzi; siku za kungoja ipungue sizisimulii, hupungua nusu kila siku 2.7. Nilipopima, leza ziliwaka kwa miliampia karibu zilezile za mwanzo. Nikasimama ukumbini kifua mbele: nyutroni hazizigusi leza zangu! Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akauliza, "Chumba kilikuwa na joto gani?"

Kipimo cha kwanza nilikifanya Agosti, dirisha wazi. Cha pili Desemba, nimevaa koti. Leza za aina ile zikipoa nyuzi 10 tu, umeme wa kuziwasha hushuka kwa zaidi ya asilimia 10. Baridi ilinifichia madhara. Ukumbi mzima ulicheka, na mpaka leo nikiona kipimajoto masikio yananiwaka.

Sasa dada yangu, vioo usivisingizie. Ni tabaka nyembamba za semikondakta zilizopangwa kwa makumi, zinarudisha zaidi ya asilimia 99 ya mwanga, na zinavumilia. Nyutroni haina chaji; inapenya, inagonga kiini cha atomi na kuing'oa mahali pake. Kidonda kinachouma kiko katikati, elektroni zinapokutana na matundu (nafasi zilizoachwa wazi na elektroni): penye kasoro zinaungana bila kutoa mwanga, linabaki joto tu. Ndiyo maana leza inadai umeme zaidi. Ongeza kidogo kidogo, usivuke kikomo cha mtengenezaji. Ikiwaka, iache na umeme usiku kucha. Baadhi ya kasoro hujiponya. Waliofunga VCSEL kwenye vigunduzi vya chembe vya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, wanalijua hilo.

Na upime joto. Vijana tunapenda grafu ya kupigiwa makofi kuliko ukweli. Pima joto, liandike, kisha pima tena!

Jana amenijibu kwa furaha: mbili kati ya nne zimewaka. Nikamuuliza chumba kina nyuzi ngapi. Mpaka sasa kimya.