Barua kwa mwanangu: sasa mkubwa nani?

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mara mbili. Unauliza uingie ile kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kibondei au ubaki na ualimu wako hapo Tanga mjini, maana Muheza nzima inajua Kiswahili. Ngoja kwanza nikwambie ya bibi yako.

Si unakumbuka rasimu zilivyojaa sebuleni mpaka mama yako anatua sufuria juu ya Yohana? Basi tulifika 1:40, Andrea nduguye Simoni Petro. Kiswahili kinapita zake, ndugu, kwisha. Sisi kwa Kibondei tukawa tunachagua, neno la kaka mkubwa au la mdogo. Bibi yako, tuliyemwita aje kusikiliza tu, akauliza sasa mkubwa nani? Tukabaki tunaangaliana. Kigiriki chenyewe kimenyamaza, adelphos ni kaka na ni mdogo vilevile, na yule mshauri wetu wa tafsiri Kibondei hakijui, mpaka mtu ambaye hakuwa kwenye kuiandika rasimu aisome amrudishie kwa Kiswahili ndo akague. Akasema Petro awe mkubwa, si kila orodha ya mitume inaanza na yeye. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, "Andrea ndo kamfata mwenzie kampeleka kwa Yesu, mshaona wapi mdogo anamkokota mkubwa wake?"

Katibu nilikuwa mimi. Nikaandika mkubwa ni Petro, mbele ya mama yangu mzazi. Hakusema kitu, akaomba maji.

Mi nasema siku zote, neno la kweli ni lile mtu analogombea nalo nyumbani kwake. Hata yule mmisionari Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili kule Mombasa 1844 alikaa na kadhi, Sheikh Ali bin Mohiddin, yule ndo mwenye maneno, ila leo anayetajwa ni Krapf. Haya, utaniambia Biblia nzima ya Kiswahili ipo tangu 1891, na ni kweli, mi mwenyewe nikiumwa nasali Kiswahili, sijui kwa nini. Lakini bibi yako nani aliwahi kumchekesha kwa Kiswahili?

Sikwambii ukubali. Posho ilikuwa inachelewa mpaka tunakopa unga dukani, unajua. Wala sikwambii ukatae. Ila ukienda, ukatibu wape wengine.

Ile rasimu ipo kwa shangazi yako, kabatini chini ya mashuka. Baada ya msiba nilifuta Petro nikaandika Andrea, nikafuta tena, nikarudia, karatasi ikatoboka palepale.

Baba yako