Karani wa Pemba katika mkutano wa teknolojia ya sheria

SWALI: Assalamu alaykum, mhariri. Mimi ni karani mkuu katika ofisi ya mawakili wawili hapa Chake Chake. Wakili wangu ameniandikisha kuhudhuria mkutano wa siku mbili mjini Nairobi unaohusu teknolojia kwa wafanyakazi wa fani ya sheria. Nimeiona ratiba, na wazungumzaji wengi ni mawakili wa kampuni kubwa na wataalamu wa kompyuta, ilhali mimi nina stashahada ya sheria na uzoefu wa majalada tu. Nahofia nitakaa kimya muda wote na kurudi na mkoba wa vipeperushi. Nijitayarishe vipi? Tena wakili anasema mambo yakienda vizuri, hapo baadaye twende Chicago kwenye mkutano mkubwa zaidi. Je, kuna haja? — Bi Z. S., Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, Bi Z. S. Wakili wako amefanya jambo la busara kukutuma wewe. Anayesimama mbele ya hakimu ni wakili, lakini anayejua jalada liko kabati gani, kesi imeahirishwa hadi lini na nani bado hajapelekewa hati ya wito, ni karani. Sehemu kubwa ya programu zinazouzwa katika mikutano ya aina hii imetengenezwa kwa ajili ya kazi hizo hizo, na kwa hivyo masuali yako yatakuwa na uzito kuliko ya wengi watakaovaa suti ukumbini.

Kabla hujaondoka, kaa na wakili wako pamoja na makarani wenzako, mkubaliane ni kero ipi hasa inayowala muda. Usiende na kumi. Moja au mbili zinatosha. Ikiwa kero ni tarehe za kesi kugongana baina ya mahakama ya mkoa na Mahakama ya Kadhi, basi hilo ndilo utakaloulizia katika kila banda la maonyesho, na mengine yote, hata yakiwa ya kupendeza, yawe ya ziada.

Nakuomba utie mkazo maalumu katika majina. Programu nyingi za kusimamia ofisi za sheria huangalia kama mteja mpya ana mgongano wa maslahi na mteja wa zamani kwa kutafuta jina, na hapo ndipo zinapoweza kukwama kwetu. Kwetu mtu huitwa jina lake, la baba na la babu, na si ajabu kuwa na Juma Khamis Juma wawili katika shehia moja, mmoja akiandikwa Khamis na mwengine Hamis katika majalada mawili tofauti. Mwambie muuzaji akuoneshe mbele ya macho yako jinsi programu yake inavyowatenganisha watu hao wawili, na pia jinsi inavyomtambua mtu mmoja aliyeandikwa kwa tahajia mbili. Ofisi inayokosea hapa inaweza kujikuta inawatetea wadai na wadaiwa wa kesi moja, na hakuna fedheha kubwa zaidi kwa wakili.

Jambo la pili ni nyaraka. Muuzaji atakuonesha mkataba safi wa Kiingereza uliopigwa chapa, na kompyuta itausoma bila taabu. Wewe chukua picha za karatasi zinazofanana na zenu: hati ya kiapo ya Kiswahili yenye muhuri uliokaa juu ya mwandiko, na hati ya wakfu ya zamani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kutiwa tarehe ya Hijria. Angalia kama programu inazisoma, na kama inaisoma tarehe hiyo kwa kalenda yake au inaifanya kuwa mwaka wa Miladia. Lakini usichukue karatasi ya mteja yeyote. Tengeneza za mfano zenye majina ya kubuni. Siri ya mteja haitoki ofisini hata kwa nia njema ya kujaribu.

Siri hiyo hiyo ndiyo itakayoongoza masuali yako kuhusu hifadhi ya mtandaoni. Nyaraka zitakaa katika seva ya nchi gani? Ni nani mwengine anayeweza kuzifungua? Je, kampuni itazitumia kufundishia akili mnemba yake? Tukisitisha mkataba, tutarudishiwa majalada yetu kwa muundo unaofunguka katika kompyuta ya kawaida? Majibu yote yaombe kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na imeweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Wakili wako ndiye wa kupima namna inavyoigusa ofisi yenu kwa upande wa Zanzibar. Uliza pia kazi itaendaje intaneti ikikatika, kwani nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu Mei 2024, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitaabika, na mahakama haimngojei mtu kwa sababu hiyo.

Bila shaka akili mnemba itatawala mazungumzo. Isikilize kwa makini, lakini ukumbuke kesi ya Mata dhidi ya Avianca. Mwezi wa Juni 2023, Jaji P. Kevin Castel wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha hoja zilizotaja hukumu sita zisizokuwepo, zilizobuniwa na ChatGPT. Ofisi yenu ikiamua kutumia chombo cha namna hiyo, wewe karani uwe na kazi ya kuitafuta kila hukumu iliyotajwa katika ZanzibarLII au TanzLII, tovuti za hukumu za mahakama za Zanzibar na Tanzania, ambako husomwa bure, na isiyoonekana popote isiingie katika jalada.

Kuhusu safari yenyewe sina mengi: pasipoti yako iwe hai, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache, kwani unaweza kuulizwa wakati wa kurudi.

Ama Chicago, nadhani wakili wako anakusudia ABA TECHSHOW ya Chama cha Mawakili cha Marekani. Ni mkutano wenye heshima yake, lakini mengi yanayozungumzwa Marekani yanatokana na utaratibu wa mahakama za huko, ambao huwalazimu wadaawa kukabidhiana barua pepe na nyaraka za kielektroniki kwa maelfu kabla ya kesi kusikilizwa, na kuna programu za gharama kubwa za kazi hiyo peke yake. Ofisi inayoshughulikia mirathi, mashamba na talaka Chake Chake haina mzigo huo. Tena usaili wa viza utakulazimu kwenda Dar es Salaam kwanza. Kwa maoni yangu, nauli hiyo inunue mashine nzuri ya kuskani na kumsomesha karani wa pili, ili siku ukiwa na udhuru, kazi ya majalada isisimame.