Namba ya simu iliyonipotezea mteja: ushauri kuhusu arei za PHP

Juzi usiku kijana mmoja wa Nakuru ameniandikia. Ameunganisha arei mbili za PHP, lugha ya kuandikia programu (arei ni orodha ambayo kila kitu kina ufunguo wake, yaani jina au namba ya kukitafutia), namba za wateja zimepotea, zimebaki 0, 1, 2. Moyo ulinipiga paa, maana ni yaleyale yaliyonipata.

Nilimwandikia muuzaji wa samaki hapa Kisumu programu ya mauzo. Akina mama huchukua omena na mbuta ufuoni Dunga alfajiri, wengine hurudi jioni, hulipa wiki ikiisha. Nikapanga arei ndani ya arei: ufunguo wa nje ni namba ya simu ya mama, ndani ni aina ya samaki na kilo zake. Asubuhi arei yake, jioni yake, kisha naziunganisha kwa array_merge, amri ya PHP ya kuunganisha arei. Nilijaribu kwa namba za 07 nilizojitungia, ikaenda vizuri. Mwenye biashara akaingiza zake, zote za 2547, zenye msimbo wa Kenya mbele badala ya sifuri.

Jumamosi ya hesabu, akina mama wamepanga foleni, skrini inasema mteja 0, mteja 1, mteja 2. Mwenye biashara akawa anakisia. Mama mmoja akasomewa deni la kilo 40 za mbuta ambazo hakuchukua. Aliniangalia mimi, si mwenye biashara. Kazi iliyofuata alipewa mwingine, na bado inaniuma.

PHP ikiona ufunguo wa tarakimu tupu huugeuza kuwa namba kamili; ukianza na sifuri, kama zile zangu za 07, huuacha ukiwa maandishi. Na array_merge hupanga upya funguo zote za namba kuanzia 0. array_merge_recursive, ndugu yake anayeunganisha hadi arei za ndani, ni hivyo hivyo. Alama ya + kati ya arei mbili hutunza funguo, lakini mama aliyenunua mara mbili hubaki na ya asubuhi tu.

Siku hizi natumia foreach mbili (amri ya kupitia arei kitu kimoja kimoja), moja ndani ya nyingine, na mstari huu:

$jumla[$simu][$samaki] = ($jumla[$simu][$samaki] ?? 0) + $kilo;

Hiyo ?? 0 maana yake kama bado hakuna kilo, anza na sifuri. Arei ya ndani PHP huiunda yenyewe. Namba naihifadhi na alama yake ya kujumlisha, '+2547…', hapo haigeuzwi.

Vijana wenzangu mnaotaka kula kwa kazi hii, ombeni daftari la mteja kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Data ya kujitungia inakubembeleza. Deni la mama wa samaki ni karo ya mtoto, halichezewi. Na mkitaka kuchungulia kilichomo ndani ya arei, tumieni amri ya var_dump, si print_r: ufunguo wa maandishi huuonyesha ndani ya alama za kunukuu, wa namba huuacha wazi.

Kaka wa Nakuru, nitumie unachokiona hapo.