Kabla Hujaniambia PCM Imekufa

Wadogo zangu wa karakana, moduli nyingine ya 4G imeletwa mezani kwangu ikiwa na kikaratasi kisemacho "PCM imekufa" (PCM ni zile pini zinazopitisha sauti ya simu kwa tarakimu), na kama zile zilizoitangulia, ilikuwa nzima kabisa. Naandika haya ili walau ijayo iletwe na kosa jipya.

1. Pigeni simu kwanza, ndipo mshike oskiloskopu. Moduli nyingi hazitoi mipigo ya saa (inayohesabu biti) wala sinki (ishara ya kuanza kwa kila fremu, yaani zamu ya sampuli moja ya sauti) mpaka simu iwe hewani. Ikishapokelewa, mtakuta kwa kawaida saa ya kHz 2048 na sinki ya kHz 8, yaani mipigo 256 katika kila fremu, ambayo sauti ya biti 16 hutumia 16 tu. Laini ya data kukaa kimya muda mwingi si hitilafu.

2. Majina ya pini husomwa kwa upande wa moduli: PCM_OUT huingia DIN, yaani pini ya kupokea data, ya kodeki (chipu inayogeuza tarakimu kuwa sauti na sauti kuwa tarakimu). Nimeona bodi iliyokwisha kuchapishwa ikiwa na OUT kwa OUT, na aliyeichora akajitetea kwamba majina yalifanana.

3. Pini hizi kwa kawaida ni za volti 1.8. Vile vibao vya bei nafuu vya kubadilisha volti, vyenye transista na vipinga vya kilo-ohm 10, vinaifaa I2C, njia ya polepole ya mawasiliano kati ya chipu. Saa ya MHz 2 ikipita humo hutoka imelegea kingo.

4. Jueni fremu inaanzia wapi. Hapa mnivumilie, kwa kuwa ndipo nilipoaibika. Katika sinki fupi, biti ya kwanza hutoka mpigo mmoja baada ya sinki. Katika sinki ndefu, hutoka sinki inapopanda. Nilikuwa natengeneza intakomu ya getini inayopiga simu, nikaiweka moduli kwenye sinki ndefu, kisha, kwa kunakili mipangilio ya kazi ya zamani, nikaiacha kodeki ikisubiri sinki fupi. Laiti isingesikika kabisa! Kodeki ilichelewa biti moja, ikaikosa ile inayobeba alama ya chanya au hasi, na zilizobaki zikasogea hatua moja, thamani zikawa maradufu. Sauti ikiwa ndogo, biti ya pili huwa sawa na ya kwanza, kwa hiyo hakuna kinachoharibika isipokuwa sauti kuongezeka, jambo ambalo mimi nililihesabu kuwa sifa ya kazi yangu. Nilijaribu usiku, msaidizi wangu akiongea kwa upole upande wa pili, nikakabidhi. Kumbe mwenye nyumba ni mtu wa kufoka simuni. Kila alipopaza sauti, thamani zilizovuka nusu ya kiwango ziligeuka ghafla kutoka chanya kuwa hasi, na mlinzi wake akasikia mkwaruzo kama bati linaloburutwa juu ya zege. Nikailaumu spika, nikaibadilisha. Nikailaumu amplifaya, nikaibadilisha nayo. Mwishowe nikaulaumu mtandao, kwa kuwa haukuwa na wa kuutetea pale getini. Aliyenifumbua macho ni mlinzi, aliposema kwamba bosi akiongea taratibu anamsikia vizuri. Nilipozirekodi sampuli zenyewe na kuzichora, vilele vya wimbi vilikuwa vimepinduka vyote. Tiba ilikuwa rejista moja, yaani nafasi moja ya mipangilio ndani ya chipu. Tangu hapo, kazi haitoki karakanani kabla mtu hajapiga kelele kwenye simu ya pili, na ndiyo sababu majirani wanatuona hatuna adabu.

5. Saa itolewe na mmoja tu, na wengine wote waifuate. Mikrokontrola ikitumia kristali yake (chanzo chake cha mipigo ya saa), tofauti ya sehemu 20 kwa milioni hupoteza au kuzidisha sampuli moja takriban kila sekunde 6, nanyi mtasikia "tik" ambayo hamtaipata kwenye msimbo hata mkikesha.

6. VoLTE, yaani simu ya sauti inayopita kwenye mtandao wa 4G, inaweza kuleta sauti ya kHz 16. Rekodi ikitoka nzito na ya polepole, kana kwamba mpigaji amezeeka ghafla, msiiguse moduli: sampuli zimekuja 16000 kwa sekunde nanyi mmeandika 8000 kwenye kichwa cha faili.